Mistari Iliyoandikwa kwa Mfasiri Aliyeondoka

Baada ya darasa la jioni, mwanafunzi wangu mmoja alibaki nyuma ili aniulize swali. Mchana ni mtumishi wa umma katika kitengo cha kompyuta. Usiku huja kusoma utawala. Alikuwa amesoma habari za wataalamu wanaotumia miezi kadhaa kufuta mistari ya zamani katika programu kubwa iitwayo Linux, mistari ambayo kwa kauli yao wenyewe haitumiki tena. Kazi hiyo ilimshangaza. "Mwalimu," aliniuliza, "ikiwa mstari hautumiki, ukibaki unamdhuru nani?"

Nilimjibu kwa ufupi, na jibu langu halikunitosheleza. Mimi nafundisha historia ya sheria na utawala, si uhandisi. Hata hivyo swali lake ni swali la historia, na nchi yetu imeishi nalo kwa zaidi ya karne moja. Leo nataka kulijibu kwa utulivu, nikianza na kompyuta kisha nikirudi nyumbani.

Simu nyingi zinazouzwa Darajani zinaendeshwa na Android, na ndani ya kila Android imo keneli ya Linux. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipate zamu, inayosoma na kuandika kwenye diski. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Tangu hapo imeandikwa na maelfu ya watu, kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C, lugha ambayo mashine yenyewe haiielewi. Baina ya mwandishi na mashine husimama mfasiri, nayo ni programu iitwayo kompaila. Mwandishi huandika, kompaila husoma maneno yake na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza.

Lililo muhimu kwa hoja yangu ni kwamba wafasiri hawalingani. Kila kompaila ina mazoea yake, na kila toleo lake lina makosa yake. Mwandishi anapogundua kwamba mfasiri fulani huifahamu vibaya sentensi fulani, mara nyingi hana uwezo wa kumrekebisha mfasiri huyo. Hulazimika kuipinda sentensi yake ili impitie salama. Kwa muda mrefu keneli ya Linux ilitegemea mfasiri mmoja tu, GCC, ambaye toleo lake la kwanza lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987. Ndani ya keneli yalikuwamo mafaili ya masharti yaliyotengwa kwa ajili ya vizazi mbalimbali vya mfasiri huyo: moja la GCC ya 3, jingine la 4, jingine la 5. Mwaka 2015 yaliunganishwa kuwa faili moja. Pembeni yake lilikuwapo faili la kompaila ya kampuni ya Intel, na baadaye likaja la Clang, ambayo leo ndiyo inayojenga keneli za simu nyingi za Android.

Sentensi zilizopindwa namna hii hazikuwa uzembe. Ziliandikwa na watu makini waliokuwa na tatizo la kweli siku hiyo. Mfano wake naupata mwaka 2014. Waandishi wa keneli walikuwa na neno moja la kuiambia kompaila: soma thamani hii mara moja tu, usirudi kuisoma tena, kwa sababu huenda mwingine ameibadilisha katikati. Neno hilo liliitwa ACCESS_ONCE. Christian Borntraeger, mhandisi wa IBM, akagundua kwamba baadhi ya matoleo ya GCC, likiwamo la 4.6, yalilipuuza agizo hilo pale thamani iliposomwa ikiwa kitu chenye sehemu nyingi ndani yake. Mwandishi aliamini ameamuru kusoma mara moja. Mashine iliweza kusoma mara mbili, na ikapata majibu mawili tofauti.

Dawa iliyopatikana ilikuwa neno jipya, READ_ONCE, lililozungushiwa masharti ya ziada ili mfasiri yule mkongwe asipate nafasi ya kukosea. Kazi ya kulihamisha neno la zamani popote lilipokuwa ilichukua takriban miaka 3, hata likafutwa kabisa mwishoni mwa mwaka 2017. Lakini masharti ya ziada yalibaki. Hayo nayo yaliondolewa mwaka 2020, katika toleo la 5.8, baada ya waandishi kukubaliana kwamba kompaila zilizoyalazimisha hazitaruhusiwa tena kuijenga keneli. Will Deacon, aliyeifanya kazi hiyo, aliweza kuliandika upya neno hilo kwa urahisi kwa sababu aliweza kujua kila kipande kiliwekwa lini, na nani, kwa ajili ya kosa lipi. Daftari la mabadiliko ya keneli huandika hayo yote, na liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu: ukibaki unamdhuru nani? Tukio moja la mwanzoni mwa mwaka 2021 linalijibu swali hilo. Russell King, mmoja wa wakongwe wa keneli kwa upande wa mashine za ARM, alikuwa na kompyuta iliyokuwa ikimletea malalamiko ya ajabu: diski ilidai kwamba kumbukumbu zake hazilingani na hesabu zake za uhakiki. Hitilafu ilikuja kwa nadra na bila mpango, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kuikamata. Hatimaye ilibainika kwamba diski haikuwa na kosa, na aliyeandika mstari hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kompaila ya zamani, GCC 4.9, ambayo kwa mashine za aina hiyo iliweza kuiachia sehemu ya kumbukumbu kabla haijamaliza kusoma kilichokuwamo. Ikitokea mashine ikakatizwa katika nukta hiyo, kilichokuwamo kilifutwa na kingine.

Kosa hilo lilikuwa limekwisha kurekebishwa katika GCC 5.1, iliyotoka mwaka 2015. Lakini keneli ilikuwa bado inampokea mfasiri wa zamani, kwa heshima ya wale waliokuwa hawajamwacha. Baada ya tukio hilo, mashine za ARM za biti 64 zilipigwa marufuku kutumia chochote kilicho chini ya GCC 5.1, na baadaye mwaka huohuo sharti hilo likaenea kwa mashine zote. Mwaka uliofuata, katika toleo la 5.18, keneli iliacha kanuni za lugha ya C za mwaka 1989 na kuhamia zile za mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa ikiandikwa kwa sarufi ya zamani. Mwaka 2023 faili la kompaila ya Intel likafutwa: lilikuwa halijaguswa kwa miaka kadhaa, waandishi walikuwa wakilisahau mara kwa mara, na Intel yenyewe ilikuwa imekwisha kuihama kompaila hiyo. Mwaka 2025 kiwango cha chini kikapandishwa tena hadi GCC 8.1.

Katika historia hii fupi naona mambo mawili. La kwanza, mstari wa zamani haubaki kwa sababu una mtetezi. Unabaki kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika nani bado anautegemea, na kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndiye atakayelaumiwa ukiondolewa. La pili, madhara yake hayamfiki yule anayeamua kuuacha. Humfika mtu wa mbali ambaye faili lake limeharibika, na ambaye hana njia ya kujua kwa nini.

Hapo ndipo kisiwa chetu kinapoingia. Mwishoni mwa karne ya 19, mahakama ya kibalozi ya Waingereza hapa Unguja ilihukumu kwa sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, na rufaa zake zilisafiri kwa meli hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Kwa lugha ya mwanafunzi wangu, msimbo uliandikwa kwa ajili ya kompaila ya Bombay. Maneno yake yalichaguliwa kwa kuzingatia mahakimu wa India, polisi wa India, na mashauri ambayo India ilikuwa imekwisha kuyaona. Yalipoletwa huku yalikuja yamepindika kwa namna ambayo sababu zake zilibaki ng'ambo.

Chukua Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Ndani yake mna kanuni kwamba kukiri kosa mbele ya afisa wa polisi hakuwezi kutumiwa dhidi ya mshtakiwa. Kanuni hiyo ilitokana na uzoefu: polisi wa India walikuwa wameshutumiwa kwa kuwatesa watu ili wakiri. Mtunga sheria hakuweza kumrekebisha polisi, akaipinda kanuni ili kumzunguka. Mwandishi wa keneli angeitambua mbinu hiyo mara moja. Anayetaka kuufuta mstari wa namna hiyo hana budi kuuliza kwanza: je, sababu iliyouleta imekwisha? Kama polisi bado anaweza kumtesa mshukiwa, mstari huo si mabaki. Bado uko kazini.

Kutokana na sheria hiyo ya India tulipata Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 5 katika mkusanyo wa sheria za Zanzibar. Tulikuwa pia na Sheria ya Adhabu, Sura ya 13, na nyingine nyingi, zote zikiwa dikrii, yaani sheria zilizotolewa kwa jina la Sultani. Kisha ikaja Januari 1964. Mapinduzi yalimwondoa Sultani, lakini dikrii nyingi hazikuondoka naye. Serikali mpya haikuweza kuandika upya kila kitu kwa usiku mmoja, na nchi haiwezi kukaa siku moja bila sheria ya ushahidi au ya adhabu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara wa siku hiyo, kama ilivyo kwa kila mwandishi anayeacha mstari wa zamani kwa kuwa ana moto mwingine wa kuuzima.

Kilichofuata ni cha kushangaza zaidi. Mwaka 1970 zilianza mahakama za wananchi. Waliokaa humo walikuwa watu watatu watatu wasiosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama mbele yao. Kwa hiyo kwa takriban miaka 15, hadi katikati ya miaka ya 1980, sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya majaji waliofundishwa London au Bombay zilisimama mbele ya mfasiri mwingine kabisa. Wapo wanaozikumbuka mahakama hizo kwa ukali wake, na wapo wanaozikumbuka kwa uharaka wake. Sikusudii kulimaliza shauri hilo leo. Nasema tu kwamba msimbo ulibaki na kompaila ikabadilishwa, na tofauti iliyokuwapo baina yao aliibeba mshtakiwa.

Kazi ya kusafisha ilianza taratibu. Mwaka 1986 ilianzishwa Tume ya Kurekebisha Sheria. Sura ya 13 ilibadilishwa na Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2004, nayo ikabadilishwa tena na Namba 6 ya mwaka 2018. Sheria ya Ushahidi ilingoja zaidi: Baraza la Wawakilishi lilitunga mpya, Namba 9, mwaka 2016. Kutoka kalamu ya Stephen hadi siku hiyo ni miaka 144. Watoto waliozaliwa Unguja wakati huo tayari walikuwa na wazazi wanaotumiana fedha kwa simu, ilhali mizizi ya kanuni za kuthibitisha deni lao mahakamani ilikuwa imepandwa kabla Beit al Ajaib haijajengwa.

Haki inanidai niseme kwamba mfano wangu una mpaka. Si kila sheria mbaya ni mabaki ya mgeni aliyeondoka. Mwaka 1985 tulitunga wenyewe sheria iliyojiita ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa. Chini yake, mwanamke asiye na mume aliyepata mimba aliweza kufungwa jela. Haikutoka Bombay, na haikuwa imechakaa. Iliumiza tangu siku ilipoanza kutumika. Ilichukua miaka 20, hadi Sheria Namba 4 ya mwaka 2005, kwa kifungo hicho kuondolewa na mahali pake kuwekwa huduma kwa jamii. Naitaja kwa sababu inalijibu swali la mwanafunzi wangu kwa sura ya binadamu. Katika miaka hiyo 20, wengi wetu tuliona sheria hiyo haituhusu. Aliyehusika alikuwa msichana mmoja wa kijijini, na hakuwa na kiti penye meza ambapo mistari hufutwa.

Lakini sheria angalau huchapishwa katika Gazeti Rasmi, huwa na namba na mwaka, na wanasheria huifuatilia. Wasiwasi wangu mkubwa uko chini yake: katika nyaraka za ndani, fomu na maagizo ya ofisi. Huko ndiko mwananchi anakokutana na serikali, na huko hakuna daftari la mabadiliko.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa katika foleni ya ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja aliyetoka Makunduchi kwa daladala ya alfajiri. Fomu yake ilikuwa imejazwa vizuri, na muhuri wa sheha ulikuwapo. Palikosekana saini moja, ya afisa ambaye cheo chake kilikwisha kufutwa katika mabadiliko ya muundo. Karani alikuwa kijana mpole, na alimwamkia kwa heshima. "Shikamoo bibi. Samahani sana, fomu inataka saini hapa."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenye kutia saini nitampata wapi?"

"Hayupo tena, bibi. Lakini fomu inataka."

Bibi aliikunja karatasi yake, akaitia katika mkoba, akaondoka. Nilipofika dirishani nilimuuliza yule kijana saini ile iliwekwa kwa sababu gani. Hakujua. Alimuuliza mkubwa wake, naye hakujua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika ofisi ile. Wote wawili wangefurahi kuifuta nafasi ile, na wote wawili waliogopa: huenda iliwekwa kuzuia wizi fulani wa zamani, huenda mkaguzi angeiulizia. Katika hali ya kutojua, waliona salama ni kumrudisha bibi Makunduchi.

Ndiyo maana kazi ya wale wataalamu wa Linux naiona kuwa ya utawala kabla ya kuwa ya ufundi. Hawana ujasiri wa kuzaliwa nao kuliko karani yule. Walicho nacho ni mazoea matatu ambayo ofisi yoyote yetu inaweza kuyaanza kesho bila mkopo wala mshauri mgeni. Kwanza, kila mstari unapoingia, sababu yake huandikwa pamoja na jina la aliyeuweka. Pili, ipo orodha inayojulikana ya kile ambacho bado kinapokewa na kile ambacho hakipokewi tena, na orodha hiyo hupitiwa upya kila baada ya muda. Tatu, anayetaka kufuta hutangaza hadharani kabla ya kufuta, ili anayeutegemea mstari huo apate nafasi ya kusema. Wakati mwingine husema, na mstari hubaki. Mara nyingi hapatikani mtu, na kimya hicho huwa ushahidi.

Najua mtumishi wa umma anayesoma hapa atanikumbusha kwamba waraka hauwezi kufutwa na aliye dirishani, na ni kweli. Lakini anaweza kuandika. Akiulizwa na mwananchi sababu ya sharti fulani na asiijue, anaweza kulitia sharti hilo katika daftari, pamoja na tarehe na idadi ya watu lililowarudisha. Baada ya mwaka mmoja mkubwa wake atakuwa na kitu cha kusoma. Wanafunzi wangu nao wanaweza kuacha kuandika tasnifu ya mia moja juu ya utawala bora kwa ujumla, wakachagua fomu moja tu na kuitafutia historia yake hadi waraka wa kwanza. Wanaharakati, ambao kwa haki wanadai sheria mpya, wanaweza kudai pia kwamba kila sheria mpya itaje kwa majina ni nyaraka na fomu zipi zinakufa siku inapoanza kutumika.

Mwanafunzi wangu nilimwona tena juzi. Nilimsimulia habari ya bibi wa Makunduchi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba katika mfumo wa kompyuta wa idara yake ipo sehemu ya lazima ambayo kila mtumiaji huijaza kwa kuandika sifuri, kwa kuwa hakuna tena anayejua inauliza nini. Nilimuuliza iko tangu lini. Akasema ataanza kutafuta.